Gari la Kuingia Ndani ya Mvua ya Mawe

Mume wangu aliponiambia kwamba Mbarara kuna mzungu anayetafuta fundi wa kulishonea gari nguo, nilimwambia akalale, pengine malaria imemrudia. Hakwenda kulala. Alibaki amesimama mlangoni akanieleza kwamba yeye amepata kazi ya udereva, na kazi yangu pia ipo, ila gari lenyewe lazima livalishwe kabla mvua hazijakolea. Litakuwa linaingia ndani ya mvua ya mawe. Si kukutwa nayo njiani. Kuitafuta ilipo, kuifuata na kuingia.

"Baba watoto," nikamwambia, "sisi tulitoka Kivu tunakimbia. Tukakimbia mpaka miguu ikabadilika. Sasa weye unataka bakulipe juu ya kukimbilia mvua?"

"Ni kazi," akasema.

Mimi ni mtu aliyechoka. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie furaha ambayo sina. Nimechoka kushona sare za shule za watoto ambao wazazi wao hawalipi, nimechoka na vumbi la Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, linaloingia kwenye mashine, na wakati ule nilikuwa nimechoka zaidi kumwona mume wangu amekaa barazani kwangu siku nzima akinishauri juu ya nyuzi, yeye ambaye hawezi kufunga hata kifungo. Huko nyumbani alikuwa dereva wa malori, mtu wa kupishwa barabarani. Huku alilima maharage ya wengine akirudi hasemi. Kwa hiyo aliposema "ni kazi" nilimtazama vizuri, nikaona ameshachana nywele. Nikafungua kichwa cha mashine kutoka kwenye meza yake, nikakifunga ndani ya blanketi, tukapanda basi la Mbarara.

Gereji ilikuwa upande wa Biharwe, kando ya barabara ya Masaka, na usiku tulilala kwa dada mmoja wa kanisa anayepanga chini ya kilima cha Kamukuzi. Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu yenye milango minne, rangi imechoka kama mimi. Mzungu alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu. Alitusalimu "hamjambo" kila alipotoka chooni. Alitueleza kazi yake bila kuficha. Wilaya yetu ya Isingiro inaishi kwa matoke, na mvua ya mawe ikipita kidogo tu migomba inabaki vitambaa vitambaa. Yeye anataka kujua ile mvua inazaliwa wapi, inaelekea wapi, na mawe yake yana ukubwa gani pale yanapoanguka, ili siku moja wakulima wawe wanaambiwa mapema. Nilimwambia mkulima hujulishwa na jiwe la kwanza kwenye paji lake la uso. Alicheka akaomba nirudie polepole.

Tuligawana kazi. Fundi wa kuchomelea alitengeneza fremu za chuma zenye wavu wa waya, moja ya kioo cha mbele na nyingine za madirisha, zote zikiwa na bawaba ili mtu aweze kuzifungua akitaka kufuta vioo. Mume wangu alishika taa, betri ya pili na kuzibia matundu yote. Mimi nilipewa magodoro na turubai. Nilikata sponji nikaipandisha juu ya paa na boneti, nikaivalisha turubai, nikatia vijicho vya chuma pembeni ili kamba zipite na kukazwa chini ya gari. Mtu asikudanganye kwamba kushona turubai ni kushona. Ni kugombana. Sindano zilivunjika mpaka nikawa natukana kwa Kibembe, na ni vizuri hakuna aliyenielewa zaidi ya mume wangu, ambaye alijifanya anatafuta spana.

Baada ya gari nikawageukia watakaolipanda. Kila mmoja nilimshonea koti la turubai lenye sponji mabegani, mgongoni na kwenye viwiko. Kofia zilikuwa za waendesha bodaboda, na ya mzungu ilikaa juu ya kichwa chake kama kifuniko cha chungu kisicho chake, ikabidi niitolee kitambaa cha ndani. Nilikata pia vibao vya sponji na kuvivika karatasi ya fedha ile ya kufunikia chakula. Vingeachwa uwanjani wakati wa mvua, na kila jiwe likianguka litaacha shimo lake, mzungu apime. Hiyo kazi niliipenda. Ilikuwa kimya.

Redio zilikuwa za afande. Ndivyo tulivyomwita sote, mzee Mganda mstaafu anayeishi karibu na kambi ya jeshi, ambaye miaka yake mingi ya utumishi aliimaliza na vidude vya mawasiliano masikioni. Alifunga redio kubwa chini ya dashibodi, akapitisha waya ndani ya mpira wa maji usiguswe na moto wa injini, akaweka fyuzi karibu na betri, akasimamisha antena nyuma ya kabini ya gari. Kila waya aliukaza, akauvuta, akaukaza tena. Hakuwa na haraka na hakupenda mtu mwenye haraka.

"Mama," akaniambia akiwa amelala chini ya usukani, "koti yako ni muzuri. Lakini koti hapana okoa mutu. Mutu naokolewa na redio."

"Na ile chuma yote?"

"Chuma nasaidia redio isivunjike."

Halafu akatoa amri yake. Redio ya pili itakaa mahali pa juu pasipo kizuizi, na mtu wake. Gari likifika mbele ya mvua, dereva ataita. Mtu wa redio ya pili akijibu, gari linaingia, na yule mtu anajua limeingia wapi na saa ngapi linatakiwa kutoka. Asipojibu, gari linageuka. "Kama hakuna jibu, gari hapana ingia. Hata kama ni mimi, hata kama ni mukubwa wangu. Hiyo ni amri." Mzungu aliitikia kwa kichwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba pawe na amri.

Mahali pa juu pasipo kizuizi pakawa kwangu. Afande alizunguka makazi yote na kiredio chake, akapanda akashuka, akasema mlima wetu unasikia mpaka Endiinzi, kule mashamba yanakopigwa na mawe. Mtu wa redio nikawa mimi. Nani mwingine anayeshinda nyumbani mchana kutwa? Wakachimbia nguzo ya mkalitusi nyuma ya jiko langu, antena juu yake, na waya wa kupeleka radi ardhini.

Lakini kabla ya hiyo nguzo, lazima niseme jinsi gari lilivyoingia Nakivale mara ya kwanza, maana nusu ya kijiji chetu ilikimbia. Gari lenye wavu kwenye vioo, limevimba, antena inachapa hewa, na ndani watu watatu wenye kofia ngumu. Kwa mtu wa kwetu hicho si chombo cha utafiti. Jirani yangu, mama mjane mwenye mdomo na moyo mzuri, alikuwa ameshafunga sufuria zake ndani ya shuka na anashuka kuelekea ziwani. Nilimkimbilia nikipiga kelele: "Rudi! Ni ya kwetu! Ni mimi nilishona!"

Alisimama, akaangalia gari, akaniangalia mimi. "Kama ni weye ulishona," akasema, "basi Mungu akusamehe."

Na nguzo ilipopanda akaja kuitazama pia, akashika kiuno. "Sasa umepanda muti ya kuita radi."

Alisema nilichokuwa nawaza. Kwetu radi ikianza yapo mambo ya kufanya ambayo hakuna anayefundishwa, unazaliwa unayakuta. Kioo kinageuziwa ukutani. Mwenye nguo nyekundu anaivua. Redio na simu zinazimwa, watu wanakaa chini, hawaongei ovyo. Mtu aliyesoma anaweza kucheka, lakini mimi sijamwona aliyesoma akicheka radi inapolia juu ya bati.

Basi siku ya kwanza ya kazi ilifika. Mawingu yalijikusanya upande wa Endiinzi, yakafika mpaka kwetu, radi ya kwanza ikalia. Niligeuza kioo. Nikazima redio, nikaifunga ndani ya kitenge, nikaisukuma chini ya kitanda, nikakaa na mikono mapajani. Sikufikiri hata kidogo. Mdudu akikujia jicho linafumba lenyewe.

Jioni gari likarudi halina hata kovu. Afande alishuka kabla halijasimama.

"Mama, nimeita, nimeita, nimeita! Wewe nalala?"

"Silali. Radi ilikuwa inapiga."

"Radi ndiyo kazi!"

Mume wangu naye alinikaripia palepale barabarani, sauti juu, mikono hewani, jirani na watoto wote wakisikiliza. Alisema walikuwa mbele ya mvua kabisa, wanaiona ile nyeupe inavyoshuka, na wakalazimika kugeuka sababu ya bibi yake. Ndani ya nyumba alikula vizuri sana, akaomba kuongezewa, akalala kabla sijatoa vyombo. Nilipofua shati lake nikakuta limelowa jasho mpaka kiunoni, na mvua haikuwagusa. Nikajilaumu kwamba koti linamchemsha. Nililifumua kwapani nikaweka matundu ya hewa.

Mara ya pili nilijitahidi. Afande alikuwa amekuja kunifundisha, akanywa chai yangu, akanionyesha ule waya unaoshuka ardhini, akaapa kwa jina la mama yake. Mvua ilipokuja niliishika redio mkononi kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Nikasikia sauti ya mume wangu inaanza, "Nyumba, Nyumba, hapa Gari," na wakati huohuo radi ikapasuka juu yetu, nyumba nzima ikawa nyeupe. Kidole changu kilizima chenyewe. Sikumbuki kukiamuru.

Tena karipio barabarani. Tena sahani mbili. Lakini safari hii mzungu alikaa kwenye kigoda changu, kofia magotini, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabu kwamba mvua za msimu zinakaribia kuisha, na ikiwa zitaisha bila gari kuingia hata mara moja, wale wanaomtuma hawatampa msimu mwingine. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mume wangu alikuwa anaangalia chini, na mimi nikaliona lile baraza, nikamwona amekaa tena pale siku nzima, ananishauri juu ya nyuzi.

Siku zilizofuata alipita akiwaambia watu kwamba yeye yuko tayari tangu zamani, anazuiwa na mwanamke. Alisema kanisani, alisema kwa muuza mafuta ya taa, alisema mpaka watoto wakawa wananiita Mama Zima. Nilikasirika, sitaficha. Lakini hasira ilipotulia niliona ana haki. Mtu huyu aliwahi kuwa dereva. Vita vilimnyang'anya lori, ukimbizi ukamnyang'anya barabara, na sasa mimi namnyang'anya hiki kilichobaki kwa sababu ya kuogopa mwanga. Nikaamua. Mvua ijayo, hata paa likiondoka, nitajibu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa mbali, upande wao tu. Kwetu jua lilikuwa kali, jirani ameanika maharage juu ya mkeka, watoto wako shuleni. Nilishukuru kimoyomoyo kwamba Mungu amenirahisishia. Niliketi chini ya nguzo na redio, nikajizoeza lile neno moja kama mtoto anayejizoeza shairi.

"Nyumba, Nyumba, hapa Gari."

Nikabonyeza. "Gari, hapa Nyumba. Nakusikia."

Nikasikia injini tu. Pengine hawakutegemea nijibu.

"Tuko mbele yake," akasema. "Iko nyeusi sana. Mawe inaanguka kwa ile kilima. Tunaomba kuingia."

"Muingie," nikasema. Sauti yangu haikutetemeka. Nilijisikia mtu mzima, mke wa dereva.

Redio ikakoroma. Nikadhani wameshaingia. Halafu sauti yake ikarudi, chini zaidi.

"Nyumba. Ulisema tuingie?"

"Ndiyo. Muingie."

"Huko kwako radi haiko inapiga?"

"Hapana. Huku jua iko inawaka."

Nikasikia kitu kama mchanga unaomwagwa juu ya mabati, mbali.

"Angalia muzuri, mama watoto," akasema. "Angalia kama haiko inapiga."

Sauti ile niliijua. Niliwahi kuisikia mara moja tu katika ndoa yetu, siku tulipovuka mpaka, aliponiomba nigeuke nimwangalizie nyuma kama kuna mtu anatufuata, kwa sababu yeye shingo ilikataa. Sijawahi kumwambia mtu. Na sasa ilikuwa inanijia ndani ya redio, mzungu akiwa kando yake na afande nyuma yake, wote wanaisikia, hawaijui.

Moyo wangu ulivunjika palepale. Kumbe alikuwa ananisubiri nizime. Kumbe kila mara alipokuwa anapiga kelele barabarani alikuwa ananishukuru kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Niliona aibu kwamba nimemlisha, nimemfulia, nimemtobolea koti kwapani, na sikuona. Na nilichoka kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuchoka kwa ajili yangu. Mwanaume aliyekimbia kiasi kile, nani alimwambia lazima aingie tena mahali pa kupigwa?

Angeweza kusema anaogopa. Wapo wanaume wanaoweza. Wangu, mbele ya watu wawili aliowaonyesha ushujaa msimu mzima, asingesema hata wavu ungemwangukia kifuani. Angeingia.

Nikabonyeza kile kitufe kwa nguvu.

"Oh! Iko inapiga!" nikapiga kelele. "Iko inapiga hapa karibu kabisa! Naogopa mingi, batoto banalia! Musiingie! Nazima!"

Nikazima.

Jirani yangu aliinua uso kutoka kwenye maharage. Akatazama mbingu, safi kama sahani iliyooshwa. Akanitazama mimi. Yeye mwenye mdomo vile, hakusema kitu. Akaendelea kuchambua.

Walirudi mchana. Afande alishuka bila kelele, akaanza kufungua antena kwenye nguzo, akikunja waya vizuri kama alivyoufunga. Mzungu aliniambia "pole, mama," na kweli alikuwa na huzuni. Hiyo ilikuwa mvua ya mwisho yenye mawe msimu ule, na gari lilirudi Mbarara na nguo zake zote, halijapigwa hata jiwe moja. Kabla halijaondoka mume wangu alinigombeza barabarani kuliko siku zote. Alisema kazi imekufa juu yangu. Alisema mwanamke mwoga ni umaskini ndani ya nyumba. Watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye kona. Niliinamisha kichwa nikasema, "Unisamehe, baba watoto."

Mpaka leo wanasema ni mimi niliyeua kazi ya mume wangu. Nikipita na mashine yangu kichwani, kuna wanaolia kama radi ili nishtuke. Naacha waseme. Nina mambo mengine ya kunichosha.

Gari lilipotokomea, wale watu hawakuondoka mara moja. Walikuwa wanangoja waone kama nitapigwa. Mume wangu aliingia ndani. Nilimsikia akisogeza vitu jikoni. Kwetu mwanaume mwenye mke mzima hachoti maji, hata akiwa na kiu. Akionekana na jerikeni watu huuliza mke amekufa lini. Alitoka na jerikeni zangu mbili za njano, moja kila mkono, akapita katikati yao bila kuharakisha. Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Alifika bombani, akajipanga nyuma ya wanawake, akangoja zamu yake.